Printa Ipo, Tableti Ipo, Karatasi Haitoki



Wengi mmeniuliza kwa nini mtihani wa majaribio wa darasa la sita ulisogezwa kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Watoto wameshawaambia eti mwalimu alikuwa anapigana na mashine. Hawakusema uongo.

Darasani kwangu wako watoto 84. Mtihani nikiuandika ubaoni, wa nyuma hawaoni, na nikifika swali la kumi inabidi nifute la kwanza. Ndiyo maana tulifurahi shule ilipopewa tableti na printa isiyotumia waya. Kutoa kopi Kasulu ni pesa, na kutoka kambini ni mpaka uwe na kibali.

Basi, nikaandika maswali kwenye tableti, nikagusa sehemu ya kuchapa. Ikatafuta, ikatafuta, ikasema hakuna printa. Na printa iko mezani mbele yangu, taa inawaka! Nikazima, nikawasha. Wapi.

Mwenzangu akasema labda intaneti imeisha. Hapana. Kuchapa kwa waifai hakuhitaji intaneti. Kinachotakiwa ni tableti na printa ziwe kwenye mtandao mmoja, na ruta iziruhusu zionane. Yetu imefungwa: kila kifaa kinapata intaneti lakini hakimwoni jirani yake. Ni ulinzi mzuri penye watu wengi, sikatai. Ila kuufungua kunahitaji neno la siri, na neno la siri analo fundi aliyefunga mitambo, ambaye alishaondoka zamani. Tulimpigia Jumatatu, tukampigia Jumanne. Akasema atakuja "siku hizi hizi".

Hapa niseme wazi, na wanaotuletea vifaa wasome: ukinipa nyumba ukaondoka na ufunguo, bado hujanipa nyumba. Walimu wapo, tumesoma, tunaweza kufundishwa kazi hiyo kwa nusu siku.

Jumatano jioni kijana mmoja wa sekondari akaniambia, "Mwalimu, niache nijaribu." Hakugusa ruta. Aliingia kwenye mipangilio ya printa yenyewe, akawasha kitu kinachoitwa Wi-Fi Direct. Kumbe printa inaweza kutoa mtandao wake! Jina lake linaanza na DIRECT. Tukaunganisha tableti huko. Tableti ikalalamika kwamba huko hakuna intaneti, ikataka kurudi kwenye ruta, tukaikatalia. (Walimu wenzangu, mtihani uwe umeshahifadhiwa ndani ya tableti kabla, maana ukiwa huko hupati kitu cha mtandaoni.) Ukurasa wa kwanza ulipotoka tulipiga kelele mpaka Papa mlinzi akaja mbio na tochi akidhani ni nyoka.

Kurasa mbili kwa kila mtoto, jumla 168. Bahati printa yetu ni ya wino wa maji, haili umeme sana. Ya leza inapasha moto, ingemaliza betri za sola kabla hatujafika nusu. Tulifunga mlango karibu saa tatu usiku.

Alhamisi walifika watoto 81, kila mmoja na karatasi yake. Wale watatu watafanya Jumatatu, wazazi wao wawalete saa mbili asubuhi. Matokeo yatabandikwa mlangoni kwa darasa la sita. Neno la siri bado hatujapewa.