Besi Umeipeleka Wapi?

Ndugu msomaji, yawezekana umepata kucheza dansi usiku kucha pasipo kulijali gitaa la besi. Ndiyo desturi yake: hubeba wimbo kama msingi ubebavyo nyumba, na hakuna mgeni asifuye msingi.

Mimi nilitaka kusifiwa. Siku za kazi hushika kalamu. Jumamosi hupiga besi katika bendi ndogo ya mtaani. Mwaka jana nilinunua Kariakoo, katika duka la Mtaa wa Msimbazi, kikanyagio cha kukwaruzisha sauti. Nyumbani sikusema kwamba fedha ile ilikuwa ya kodi ya chumba.

Chombo hicho kina asili ya ajabu. Mjini Nashville, Marekani, ulipokuwa ukirekodiwa wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, mtambo wa studio uliharibika, na besi ya nyuzi sita ya Grady Martin ikatoa mkwaruzo. Badala ya kuufuta, waliuacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy akashiriki kubuni kifaa cha kuuiga ubovu ule, nacho kikaingia sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Nilikikanyaga changu usiku wa arusi. Sauti ikanguruma kama lori linalopanda mlima wa Pugu. Wachezaji wakasitasita, kisha mmoja mmoja wakarudi vitini. Mzee wetu wa tumba, aliyelelewa na dansi za miaka ya 1970, akaniinamia: "Mwanangu, besi umeipeleka wapi?"

Alisema kweli. Kikanyagio hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na vingi hupunguza uzito wake. Uzi mnene wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Uzito huo ukipungua, miguu hukosa pa kusimama. Dawa ni kuigawa sauti njia mbili, moja safi na moja ya mkwaruzo, kisha kuzichanganya. Mkwaruzo uwe chumvi, usiwe chakula.

Usiku ule nilimweleza mama watoto habari za kodi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe na hapa nyumbani umeuchezea msingi." Tulibana matumizi miezi miwili kulipa deni.

Kikanyagio ningali nacho, nami hukikanyaga kwa kiasi. Nawe msomaji, kabla ya kutamani kusikika, tazama kwanza ni akina nani waliosimama juu yako.