Makamo Hayana Jando

Kiswahili hakikumnyima binadamu maneno ya kuupimia umri wake. Kuna mtoto mchanga na kigoli, kuna barobaro na mwanamwali, kisha kuna shaibu na ajuza, na mwishowe kikongwe. Katikati ya safu hiyo ndefu limekaa neno moja lisilo na makeke: makamo. Asili yake ni Kiarabu, na huko lilikotoka hutaja mahali pa kusimama, na pia daraja au hadhi. Mtu wa makamo, kwa mujibu wa neno lenyewe, ni mtu aliyekwisha kupata pa kusimama. Ana kazi, ana nyumba, ana watoto, na ana mkopo wa chama cha ushirika unaokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Aghalabu watu hawamtarajii aende kokote tena.

Hata hivyo, ni katika umri huo ambapo wengi huanza kuhangaika. Mwaka 1965 Elliott Jaques, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Uingereza, alichapisha makala kuhusu kifo na kile alichokiita mgogoro wa umri wa makamo. Aliyachunguza maisha ya wasanii mashuhuri, akabaini kwamba walipokuwa na miaka 35 hivi kazi zao zilielekea kubadilika: baadhi waliacha kuumba, wengine wakaanza kuumba kwa namna mpya. Hoja yake ilikuwa kwamba hapo ndipo mtu hutambua kuwa kifo, alichokijua siku zote kama habari ya watu wengine, ni chake pia. Watu wakalipokea jina, wakaiacha hoja. Siku hizi mgogoro huo hutajwa kwa kicheko: mzee kanunua gari jekundu, mzee kapaka nywele rangi, mzee kapata mpango wa kando. Huko Uingereza, mwaka 2010, mtafiti mmoja wa masoko alibuni jina la kuwaita wanaume wa makamo wanaovaa nguo za kubana na kuendesha baiskeli za bei ghali, na jina hilo halikuchelewa kugeuka dhihaka.

Nchini Kenya dhihaka hiyo ina mzizi wake. Yupo mwalimu mmoja wa shule ya upili, mkazi wa viungani mwa mji wa Thika, aliyenunua baiskeli ya mtumba yenye gia 18 alipokuwa na miaka 49. Jumamosi ya kwanza alipopita nayo mbele ya maduka, majirani hawakumuuliza habari za afya wala za mazoezi. Waliulizana wao kwa wao kama gari lake limechukuliwa na madalali. Gari lilikuwepo, limeegeshwa uani, lakini swali lao halikuwa la kipuuzi. Kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo cha mtu anayetafuta, wala si cha aliyepata. Huko Busia, baiskeli ndizo zilizowabeba wasafiri baina ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, na kutokana na mwito wa waendeshaji wake likazaliwa jina la bodaboda, kabla ya pikipiki kuja kuichukua kazi na jina lenyewe. Vijijini, ile baiskeli nyeusi, nzito, iliyojulikana kama Black Mamba, ilibeba makaa, maziwa, magunia ya mahindi, na hata wagonjwa.

Mwalimu mwenyewe alilelewa na baiskeli kama hiyo. Kila alfajiri babake alifunga mitungi ya maziwa kwenye kereteni, akaenda nayo hadi kwenye kiwanda cha ushirika, na katika maziwa hayo ndimo ilimotoka karo. Kwa kizazi chake, kuacha baiskeli ndiyo iliyokuwa maana ya kusoma. Ndiposa msomi mwenye shahada anapoirudia, walimwengu huona mtu anayeteremka ngazi aliyopandishwa kwa jasho la mwingine.

Lakini ngazi hiyo ina kasoro moja: haina kipandio cha katikati. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zilijua kumvusha kijana kwa jando na unyago. Wamaasai walikwenda mbali zaidi. Baada ya sherehe ya eunoto, ambapo morani hunyolewa nywele zake ndefu, hufuata olng'esherr, inayokomesha umorani na kuwatangaza wahusika kuwa wazee. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizo, pamoja na enkipaata inayozitangulia, katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Mkazi wa mjini hana mfano wake. Hakuna anayemnyoa, nywele zinamtoka zenyewe. Hakuna anayemwambia kuwa jambo fulani limekwisha na jingine limeanza. Huamka siku moja akapata habari hiyo kwenye kipimo cha shinikizo la damu.

Baiskeli ilimpa mwalimu yule jando alilolikosa. Damu ilimwagika wiki ya pili, alipoteleza penye kokoto na kuchubuka kiwiko na goti. Kungwi akapatikana: fundi wa baiskeli, kijana asiyezidi miaka 20, aliyemtazama akipanda kilima kwa tabu kisha akamwambia, "Mwalimu, badilisha gia kabla ya kufika mlimani. Ukingoja mpaka uzito ukulemee, cheni itaruka." Mtu aliyewasahihisha wengine kwa miaka 24 akajibu, "Sawa, fundi." Rika nalo likapatikana: muuguzi, dereva wa matatu, mhubiri na muuza nafaka, waliokutana alfajiri kila Jumamosi na ambao hawakuwa na haja ya kujua cheo cha yeyote miongoni mwao. Waliloulizana ni kama tairi zina upepo wa kutosha.

Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imewafaa sana wazazi na walimu, lakini imewafanya watu wazima wengi waamini kuwa wao ni samaki waliokauka. Frances Willard, kiongozi wa chama cha wanawake wa Marekani waliopinga ulevi, alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka 53, baada ya kufiwa na mamake, na mwaka 1895 akachapisha kitabu kuhusu mafunzo hayo. Mwaka huohuo Leo Tolstoy, akiwa amepita miaka 65, alijifunza kuendesha baiskeli mjini Moscow muda mfupi baada ya kumzika mwanawe mdogo. Hao wawili hawakuwa wakitafuta ujana. Kila mmoja alikuwa ametoka kaburini.

Mkewe mwalimu ndiye aliyeuliza swali ambalo majirani hawakulifikia. "Baba watoto," alimwambia usiku mmoja, "kila Jumamosi unatoka hapa kama mtu anayedaiwa. Unamkimbia nani?"

Mumewe alikawia kujibu. "Simkimbii mtu. Baba alifariki akiwa na miaka 51. Mimi nitaifikisha mwezi wa Agosti."

Mama hakucheka, wala hakumpoza kwa maneno matamu. Alimkumbusha kuwa yeye pia ana miaka 47, na kuwa tangu waoane hajawahi kupata hata asubuhi moja ambayo hakuna mtu aliyeliita jina lake. Tangu siku hiyo Jumamosi ziligawanywa: moja ya mume, inayofuata ya mke. Yeye hakutaka baiskeli. Alitaka kutembea peke yake hadi mtoni na kurudi saa aipendayo.

Agosti ilikuja, ikapita. Mwalimu sasa ana miaka 52, umri ambao babake hakuufikia. Shinikizo la damu halijaponywa na baiskeli. Angali anameza vidonge. Magoti humuuma siku za baridi, na madereva wa matatu bado humsukuma pembeni mwa barabara. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na hapana gia iwezayo kuurudisha.

Alichokipata ni kidogo kuliko hicho, nacho kinamtosha. Mtu akishapata pa kusimama, huogopa kusogea asije akapapoteza. Baiskeli inafundisha kinyume chake, kwani haisimami wima ila inapokwenda; ikituama, inaanguka pamoja na aliyeipanda. Wanaomcheka mzee mwenye nguo za kubana wana haki ya kuzicheka nguo. Ila kabla ya kumcheka mwenyewe, wangefanya vyema kumuuliza babake alifariki akiwa na umri gani.