Mke wa Kipepeo Mwenye Mkia

Basi la Amani hutoka Muheza mchana. Siku hiyo nilikalia gunia la unga, kwa kuwa viti vilijaa kabla sijafika. Tulipopita Zigi barabara ikaanza kupanda kwa kona, michungwa ikabaki bondeni, na ubaridi wa Usambara Mashariki ukaingia madirishani.

Mwenyeji wangu hufuga vipepeo kwenye kizimba cha neti kando ya msitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi, wasije wakatoka."

Madume wa Papilio dardanus niliwatambua mara moja: manjano iliyopauka, pindo jeusi, na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Halafu mama akanyoosha kidole kwa kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, asiye na mkia kabisa. "Huyu ndiye mke wao." Nilikubali pale tu nilipowaona wawili wameungana chini ya jani, mmoja wa manjano, mwingine mweusi.

Nilimsogelea yule jike hadi pumzi yangu ikatikisa jani. Weupe wake haukatiki ghafla. Pembeni umenyunyiziwa weusi, chembe kwa chembe. Zote hizo ni magamba, yamepangwa kama vigae. Mama alinionyesha kidole chake: kimebaki na unga wa kijivu.

Mabaka hayo ameyaiga kwa Amauris niavius, jirani yake msituni, ambaye ndege humkwepa kwa sumu yake. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mayai ya jike mmoja yanaweza kutoa majike wa sura mbalimbali, nyingi kati ya sura hizo zikiiga vipepeo wengine wenye sumu. Ndiyo maana wataalamu walidhani ni aina tofauti, mpaka mmoja wao, Roland Trimen, alipoonyesha mwaka 1869, akiwa Afrika Kusini, kwamba ni aina moja. Kule Madagaska majike wanafanana na madume, mikia na yote.

Lakini usalama wa jike huyu wa Amani uko kwa Amauris, jirani yake. Msitu ukimpoteza yule mwenye sumu, mabaka haya hayatamtisha ndege yeyote.

Jioni alipita kipepeo mmoja, mweusi kwa mweupe, akielea taratibu ukingoni mwa msitu. Niliuliza ni yupi.

"Subiri atue," mama alisema. "Akitaga kwenye mti wa jamii ya mlimau, ni wetu. Akishuka kwenye mtambaa wenye utomvu, ni yule mwingine."

Tukakaa kimya, tukamfuata kwa macho.