Karatina: Mechi inapogongana na siku ya soko

Mpenzi msomaji, ikiwa unaishi Nairobi na unapenda mpira wa vikapu, huenda hujawahi kujihesabu kuwa mtu mwenye bahati. Ligi kuu inapofika hatua ya mchujo, wewe hupanda matatu tu hadi Uwanja wa Nyayo, ukaingia ukumbini na kuketi karibu na wachezaji kiasi cha kusikia viatu vyao vikilia sakafuni. Mechi ikiisha unarudi nyumbani na kukuta chakula hakijapoa. Leo nakupeleka mahali ambako shabiki wa mchezo huo huo hana timu ya kwao ya kushangilia katika mchujo, ukumbi wa mechi uko mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari, na hata hivyo mchujo ukianza hapati usingizi.

Mahali penyewe ni Karatina, mji wa Mathira, Kaunti ya Nyeri.

Safari ni kiasi cha kilomita 120 kutoka jijini. Ukishayapita mananasi ya Thika na kuiacha barabara ya Embu pale Makutano, utafika Sagana, ambako joto bado litakulazimu kufungua dirisha. Kutoka hapo gari huanza kupanda, na kabla hujamaliza kurasa za michezo utakuwa umelifunga tena. Migomba na kahawa hufuatana nawe huku na huku. Ukiondoka alfajiri, na mawingu yakikuhurumia, utauona Mlima Kenya mkono wako wa kulia, theluji kidogo ikiwa imeshikilia kilele chake. Karibu na mji kuna kilima cha Tumutumu, ambako wamishonari wa Kanisa la Scotland walijenga hospitali na shule mwanzoni mwa karne ya 20.

Nenda Jumamosi. Siku kuu za soko ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, lakini Jumamosi ndiyo siku ambayo watoto hawako shuleni na kila familia hujitokeza na jeshi lake lote. Soko la Karatina husifiwa kuwa mojawapo ya masoko makubwa ya wazi Afrika Mashariki, na ukijaribu kulipita upesi na mkoba mkononi utaelewa sababu. Kuna viazi, karoti, kabeji, nduma, ndizi za kupika na za kuiva, maharagwe ya rangi ambazo hujui majina yake, kuku waliofungwa miguu, na mikokoteni ambayo wenyewe hupiga kelele ya kukuonya baada ya kukugonga. Biashara hii ya mboga ni ya siku nyingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliweka hapa kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi. Kiwanda hicho kilifungwa baada ya vita, lakini mkulima wa Mathira alikuwa ameshaonja faida ya kuona kabeji yake ikisafiri mbali kuliko yeye mwenyewe.

Na vikapu je? Viko tele. Kila mwanamke amebeba kiondo au kikapu cha plastiki, na kwa shabiki wa mchezo huu ni vigumu kupita bila kutabasamu. Maana mchezo wenyewe ulianza na vikapu vya kawaida kabisa vya kubebea matunda. Desemba 1891, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alitafuta mchezo wa kuwachangamsha vijana wake ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali mjini Springfield, Marekani. Akatundika vikapu viwili vya pichi, kimoja huku na kingine kule. Kwa kuwa vilikuwa na matako, kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa.

Nilimsimulia kisa hiki mama mmoja muuza kabeji, akacheka hadi akashika kiuno. "Angekuja hapa tungempa kiondo," alisema. "Kiondo hakichoki kama kikapu."

Mama huyu ndiye aliyenifanya nisahau ndizi nilizotumwa kununua. Juu ya sweta yake alikuwa amevaa fulana nyekundu isiyo na mikono, ya klabu ya Chicago Bulls, namba 23 mgongoni, imefuliwa hadi ile 3 ikabaki nusu. Fulana za aina hii ni nyingi katika marundo ya mitumba ya Karatina, na mara nyingi anayeivaa huwa ameipendea rangi tu. Nikamjaribu.

"Mama, unamjua aliyekuwa akivaa namba hiyo?"

"Kijana wangu," akajibu, bila kuacha kuondoa majani makavu kwenye kabeji, "Michael Jordan nilimjua kabla wewe hujaanza shule."

Ikawa hivyo, msomaji. Mwaka 1993 alikuwa msichana wa sekondari, mchezaji wa timu ya shule iliyokuwa na uwanja wa saruji wenye nyufa na ringi zisizo na nyavu. Mwaka huo Kenya iliandaa fainali za ubingwa wa Afrika jijini Nairobi, wanaume wetu wakamaliza katika nafasi ya nne, nyuma ya Angola, Misri na Senegal. Yeye hakuhudhuria hata mechi moja. Alisikiliza redio na kukata picha magazetini, akijua kwamba fainali zijazo atakuwa mtu mzima mwenye pesa zake na ataketi kiti cha mbele.

Fainali zijazo hazikuja. Kwa miaka 28 Kenya haikufuzu tena. Katika muda huo alimaliza shule, akaolewa, akazaa watoto wanne, akaanza na gunia moja la viazi na kufikia kuwa mtu wa kuazimwa pesa na wenzake sokoni. Hebu fikiria kupenda timu ambayo kwa miaka 28 haikupi sababu ya kuvaa fulana yake. Ndiyo maana, anasema, alivaa ya Chicago.

Matumaini yalianza kurudi mwaka 2019, Kenya ilipofika fainali ya mashindano ya AfroCan mjini Bamako, Mali, na kushindwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kisha ikaja Februari 2021. Ilikuwa mechi za kufuzu mjini Yaoundé, Kameruni, na mpinzani alikuwa Angola, taifa lililokuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Ikiwa imebaki pumzi moja ya mchezo, Kenya iko nyuma, Tyler Ongwae akaruka na kuachilia mpira. Ukaingia. Kenya 74, Angola 73.

Hapa Karatina matokeo hayo yalifika kupitia simu iliyoshikwa na kitindamimba wake, wakati huo mvulana wa miaka 12. Mama alipiga ukemi, jirani akaja mbio na panga akidhani ni wezi wa ng'ombe. "Nikamwambia tumeishinda Angola," anakumbuka. "Akaniuliza, Angola ni nani, na amekuibia nini?"

Timu hiyo ilikwenda Kigali mwaka huo huo ikiongozwa na Liz Mills wa Australia, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika fainali hizo za Afrika. Waliishinda Mali, halafu Sudan Kusini ikawatoa kwa 60-58. Muulize mama huyu tofauti ilikuwa pointi ngapi, atakukatiza kwa haraka: "Kikapu kimoja." Husema hivyo kwa uchungu wa mtu aliyepotelewa na gunia njiani.

Labda unajiuliza, katika mchujo wa ligi ya humu nchini watu wa hapa humshangilia nani, ilhali hawana timu yao? Jibu nililolipata katika stendi ya malori lilinifurahisha kuliko lolote katika safari hii. Huko, ushabiki hufuata mboga. Malori yanayopeleka mzigo Wakulima, ile Marikiti ya Nairobi, madereva na utingo wake ni watu wa Nairobi City Thunder. Malori yanayoshuka hadi Kongowea, Mombasa, wake ni watu wa KPA, timu ya Halmashauri ya Bandari. Mmoja aliniambia wazi kuwa hajawahi kuiona KPA ikicheza, lakini Kongowea humlipa kwa wakati, kwa hivyo hawezi kuwasaliti watu wa Mombasa. Nilikutana pia na mzee mmoja wa Ulinzi Warriors, timu ya wanajeshi. Huyo hakuwa na lori. Alikuwa na pensheni.

Mama wa fulana nyekundu ni wa Wakulima, na kwa hivyo ni wa Thunder. Alikuwa na sababu ya kujivuna, kwani mwishoni mwa 2024 Thunder walifuzu hapa hapa Nairobi kuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya Afrika ya BAL, iliyoanzishwa mwaka 2021. Mei 2025 wakaenda Kigali. Huko walikutana na wakubwa kama APR ya Rwanda na Al Ahli Tripoli ya Libya, hawakuvuka hadi mchujo wa Pretoria, na Al Ahli Tripoli ndio waliobeba kombe. Nilitarajia anung'unike. Badala yake alisema mtoto akienda shule mara ya kwanza hatarajiwi kurudi na cheti.

Sasa nikueleze mahali kiatu kinapombana. Mechi za mchujo huchezwa wikendi, na Jumamosi ndiyo inayolipa karo. Jumapili ni ya kanisa, na yeye ni mwimbaji wa kwaya. "Hii ligi hupanga mechi kana kwamba Mungu hakuumba Karatina," alilalamika. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, ukiongeza kiingilio na soda, ni faida ya magunia kadhaa wiki ambayo kabeji zimejaa sokoni. Kwa hiyo tangu 1993 hadi leo hajawahi kuingia ukumbini kutazama mechi kubwa.

Nina maoni yangu hapa, na sitayaficha. Mechi nyingi za ligi kuu huchezwa Nairobi na Mombasa, kisha wakuu wa mchezo huuliza kwa nini vijana wote wanakimbilia kandanda. Gharama gani itawafilisi wakileta mechi moja tu ya msimu katika uwanja wa shule hapa Nyeri, siku isiyo ya soko? Wangejaza. Tena wangekula mukimo mzuri.

Lakini mama hakuwa akinililia mimi juu ya nafsi yake. Shida yake ilikuwa yule kitindamimba, ambaye sasa ana miaka 17 na anainama kila anapoingia jikoni. Anacheza katikati katika timu ya shule. Mwalimu wake wa michezo amemwambia mama kwamba kijana ana mikono mizuri, ila hajui kutembea chini ya ringi kwa sababu hajawahi kumwona mchezaji mkubwa akitembea hapo. Simu haionyeshi miguu. Apelekwe akaone. Na kijana huyo ndiye mbebaji wa magunia ya mama yake kila Jumamosi.

Wikendi niliyokuwa huko mchujo ulikuwa umeiva, na kulikuwa na mechi Nyayo Jumapili alasiri. Mama na mwanawe hawakuwa wakisemezana tangu Ijumaa. Wafanyabiashara wa vibanda jirani walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema mpira haujamlisha mtu Mathira, wengine wakisema hata kabeji nayo kuna wiki haimlishi mtu.

Yapata saa moja jioni, soko likifagiliwa, mama alikwenda mwenyewe stendi ya malori. Alizungumza na dereva mmoja wa Wakulima kwa muda mrefu. Aliporudi alimwambia mwanawe avae koti. Mapatano yalikuwa haya: kijana atasafiri bure mbele na dereva, alfajiri atasaidia kupakua mzigo Marikiti, halafu dereva atamwelekeza njia ya Nyayo kukiwa kumekucha. Atarudi na lori hilo hilo jioni. Kutoka mfuko wa aproni akahesabu pesa za kiingilio, akazihesabu tena, akaongeza noti moja ya shilingi 100.

"Na kanisa, mama?" kijana akauliza.

"Mungu anajua Nyayo iko wapi. Wewe tazama miguu."

Utingo mmoja wa lori la Kongowea alipaza sauti kutoka juu ya mzigo wake kwamba Thunder watalia. Hakujibiwa. Lori la Wakulima likatoka stendi polepole, likiwa limejaa hadi turubai limevimba, na kichwa cha kijana kikionekana dirishani, kimeinama kidogo kwa sababu ya paa.

Mama alianza kufunika kabeji zilizobaki kwa karatasi ya nailoni. Kisha akanigeukia.

"Umesema mechi ni saa ngapi?"

"Saa tisa, mama."

"Kwaya humaliza saa saba," akasema, akavuta jiwe na kuliweka juu ya nailoni.