Kinga na Kinga

Kila kazi ina mzaha wake. Wavuvi hutaniana juu ya samaki aliyeponyoka, waganga juu ya mgonjwa aliyepona kabla ya kunywa dawa, na walimu juu ya mwanafunzi aliyejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa. Mizaha hiyo haimshangazi mtu. Lakini mzaha wa watu ambao kazi yao ni kuwakinga wenzao na moto humshangaza mgeni anayeusikia kwa mara ya kwanza. Huwasikia wakicheka juu ya moshi, ngazi na milango, yaani juu ya mambo yaliyokwisha kuua watu, naye hujiuliza kama nyoyo zao zimekauka. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani upesi.

Watu sita wa kazi hiyo, wakazi wa London, waliazimu kukutana jioni ya Ijumaa moja katika baa ya upande wa Southwark, kusini ya mto Thames. Hawakuwa wa ofisi moja. Wa kwanza alikuwa askari wa zimamoto kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu akawa mkaguzi wa majengo. Wa pili, mwanamke, alikuwa bingwa wa milango. Wa tatu alifunga kengele za moto, na wa nne alitandika mabomba ya kunyunyizia maji darini. Wa tano, mwanamke pia, alifundisha wafanyakazi namna ya kutoka katika jengo linaloungua. Wa sita alikuwa kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa pili wa ukaguzi. Waliandikiana kwa wiki mbili ili kuchagua mahali, hata yule wa kengele akasema kwamba baa yoyote ingalikwisha kuungua na kujengwa tena kabla ya shauri lao kukatika.

Kijana alitaja baa moja iliyokuwa chini ya ardhi, yenye muziki mzuri. Bibi wa milango alikataa papo hapo. "Ngazi moja, mlango mmoja, na mishumaa juu ya meza! Hilo ni kaburi lenye muziki." Mtu wa kengele akamwambia, "Usiogope, kengele yangu itakuamsha." Bibi akajibu, "Itaniamsha nione nini?"

Mwingine alitaja George, nyumba ya zamani ya Southwark yenye roshani za mbao, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa mwaka 1676. Alidai kwamba nyumba iliyokwisha kuungua mara moja imelipa deni lake. Mzee akamjibu kwamba moto hausomi stakabadhi. Mwalimu alionya wasialike watu wengi, kwa kuwa kwa kawaida ya kazi yao chumba chenye njia moja tu ya kutokea hakistahili kuwekwa watu zaidi ya 60. "Na nani katika kazi hii ana marafiki 60?" akauliza mtu wa mabomba. "Sisi tukiingia mahali, wenyeji huomba tuondoke." Naye mwenyewe hakusalimika, maana kila mmoja aliahidi kuja na mwavuli endapo yeye atahudhuria. Alilalamika, kama alivyolalamika kila mwaka, kwamba ni katika sinema tu ambamo mabomba yote humwaga maji kwa pamoja. Katika majengo ya kawaida kila tundu hufunguka kwa joto linalolifikia lenyewe, na aghalabu matundu machache tu hutosha kuudhibiti moto. Walimsikiliza kwa heshima kubwa, kisha wakamkumbusha tena habari za miavuli.

Mwishowe baa ilichaguliwa, na sharti moja likawekwa. Mtu wa kwanza kuona mlango wa kuzuia moto uliozuiliwa kwa mtungi wa kuzimia moto atanyweshwa bure usiku kucha. Kosa hilo ni kipenzi cha watu wa kazi ile, kwa sababu ni dhambi mbili katika tendo moja: mtungi umeondolewa mahali pake, na mlango umenyimwa kazi yake. Mlango wa namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa uweze kuuzuia moto kwa muda wa dakika 30 au zaidi. Lakini huuzuia ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi ni ubao wenye cheo tu.

Msomaji anaweza kuudhani mzaha wa milango kuwa mdogo. Mwendo mfupi kutoka baa ile ipo barabara ya Tooley, na huko tarehe 22 Juni mwaka 1861 moto ulizuka katika maghala ya gati, yaliyojaa katani, mafuta ya wanyama, sukari na bidhaa nyingine. James Braidwood, mkuu wa wazima moto wa London tangu mwaka 1833, alikuwa amewahimiza watu miaka mingi kuyagawa maghala kwa kuta imara na milango ya chuma. Milango ya chuma ilikuwapo katika maghala yale, iliachwa wazi. Moto ukapita mahali ulipokuwa umetengewa kizuizi. Braidwood alikuwa miongoni mwa watu wake, akiwagawia kinywaji cha kuwatia nguvu, ukuta ulipomwangukia na kumwua. Moto ule uliendelea kuwaka kwa muda wa wiki mbili. Basi watu wanapocheka juu ya mlango ulio wazi karibu na mahali hapo, wanacheka juu ya kaburi la mkuu wao, nao wanajua.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapoweza kuwafahamu kuliko majirani zao wenyewe. Kiswahili kina neno ambalo Waingereza hulizunguka kwa maneno mengi: utani. Mwaka 1940 mtaalamu wao, Radcliffe-Brown, aliandika makala mashuhuri juu ya uhusiano wa mzaha baina ya watu, ambamo mmoja huruhusiwa, na pengine hulazimishwa, kumdhihaki mwenziwe, na mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. Katika Tanzania jambo hilo halikuhitaji kugunduliwa. Utani ulifunga koo na koo, na kabila na kabila. Mpare na Mchaga hutaniana hata leo. Tena utani haukuwa maneno matupu. Penye msiba, mtani ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi, na ndiye aliyethubutu kuchekesha wafiwa pale ambapo ndugu hakuweza kufungua kinywa. Mtani alipewa ruhusa ya kusema lisilosemeka kwa sababu alikuwa tayari kubeba lisilobebeka.

Sita wale hawakujua neno hilo, ela walikuwa na jambo lenyewe. Kila mmoja alikuwa amesimama katika nyumba zilizoungua akahesabu hatua baina ya kitanda na mlango. Mtu hawezi kulibeba jambo hilo nyumbani na kuliweka mezani mbele ya watoto. Hulibeba mpaka kwa watani wake.

Walakini wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha ule ulionekana jioni ile ile.

Walifika wote. Kulikuwa na ugomvi mfupi wa viti, maana wote sita walitaka kukaa wakiutazama mlango, hata wakaketi upande mmoja wa meza kama watu wanaongoja kupigwa picha. Bibi wa milango, ambaye hakuwa mnywaji wa vileo, aliagiza maji ya machungwa. Mtungi unaozuia mlango haukuonekana, na mtu wa kengele akaomba radhi kwa niaba ya baa kwa kuwa imefuata sheria. Ndipo kijana alipoleta hadithi yake. Alikuwa amekagua nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita, akakuta milango 11 ya wapangaji haijifungi yenyewe. Mwenye nyumba alimwambia kwamba milango ile ni mizee, imechoka, iachwe ipumzike.

Wote walicheka. Bibi wa milango alicheka kuliko wote, kisha akauliza, "Nawe umeiandikia ruhusa ya mapumziko?"

Kijana hakucheka. Mzee aliyaona macho yake, akaongeza kwa sauti ya mzaha ule ule, "Mtoto huyu atakuwa tajiri. Ripoti zake zina sukari; wenye nyumba watazinywa na chai." Meza ilinyamaza. Kijana alikiri kwamba habari ya milango ameiweka katika ukurasa wa mwisho, kwa maneno haya: inafaa kuangaliwa nafasi ikipatikana. Mwenye nyumba aliomba hivyo. Mwenye nyumba ndiye aliyelipa, na alikuwa na nyumba nyingine nne.

Katika maneno hayo machache palikuwa na ugonjwa wa kazi nzima. Chini ya sheria ya mwaka 1971, majengo mengi ya kazi na biashara katika England na Wales yalitakiwa kuwa na cheti cha usalama wa moto kutoka kwa wenye mamlaka. Amri mpya ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2006, iliviondoa vyeti hivyo ikamtwika mzigo mwenye dhamana ya jengo: yeye mwenyewe ahakikishe kwamba hatari zimepimwa. Kwa hiyo aghalabu humwajiri mkaguzi, na mkaguzi hulipwa na yule yule anayekaguliwa. Sheria hiyo ina sababu zake njema, kwa kuwa amjuaye nyumba ni mwenyewe. Lakini humweka mkaguzi baina ya mkono unaomlisha na mtu aliyelala ghorofa ya sita asiyemjua.

Hapana aliyehitaji kulitaja jengo la Grenfell. Jina hilo lilikuwa limekwisha kuketi nao mezani. Usiku wa tarehe 14 Juni mwaka 2017, katika jengo hilo la ghorofa 24 magharibi ya London, moto ulianza katika jikoni moja ukashika mabamba yaliyovikwa ukutani kwa nje, na watu 72 wakapoteza maisha yao. Uchunguzi wa serikali, uliotoa taarifa yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024, ulionyesha kwamba vifo vyote vile vingaliweza kuepukwa. Mabamba ndiyo yaliyoupandisha moto. Lakini uchunguzi ulikuta pia kwamba milango mingi ya wapangaji haikujifunga kama ilivyopaswa, moshi ukapata njia ya kuingia mahali ambapo watu walitakiwa kupita.

Mzee aliinamia bilauri yake. "Katika moshi," alisema, "sijapata kumkuta mwenye nyumba hata mara moja. Nimewakuta wapangaji."

Hakuongeza neno. Baada ya kitambo, mtu wa mabomba alitangaza kwamba ripoti yenye sukari ina faini, na faini yake ni kuwanunulia vinywaji watu wote waliopo, pamoja na maji ya machungwa ambayo ni ghali kuliko yanavyostahili. Kijana alinyanyuka akalipa. Alipokuwa akirudi na sinia, bibi wa milango alimwambia kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi angekuwa ofisini, na kwamba ana maneno makali ya kutosha ripoti mbili.

Hapa yafaa kutenganisha vicheko viwili. Mwenye nyumba alifanya mzaha, na mzaha wake ulikuwa mzuri. Ndiyo sababu kijana aliurudia. Lakini mzaha ule ulitiwa kama kabari chini ya mlango, ili neno la kweli lisijifunge mahali pake. Bibi naye alifanya mzaha, juu ya milango ile ile, kwa maneno karibu yale yale, nao ukaitoa kabari. Tofauti haikuwa katika ulimi. Ilikuwa katika jambo hili: mmoja alimchekesha kijana ili anyamaze, na wa pili alimchekesha ili aseme. Lau bibi angalimkaripia mbele ya wenzake, kijana angalijitetea, na mtu anayejitetea hujenga ukuta upesi. Alimtania, na kwa mtani hapana ukuta.

Kiswahili kina mithali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya mithali hiyo ni kijiti chenye moto: kimoja peke yake huzimika, viwili vikigusana huwaka. Lakini kwa neno hilo hilo lugha imeita pia kizuizi cha madhara. Pengine imeyakutanisha mambo hayo kwa bahati tu, wala si lazima mtu ayatafutie asili moja. Hata hivyo ukweli uliomo unatosha. Mlango peke yake hauzuii moto ikiwa hapana mkaguzi anayeuangalia. Na mkaguzi peke yake, mbele ya mkono unaomlipa, huzimika kama kijiti kilichotengwa na vingine.

Jumatatu kijana aliiandika upya ripoti yake, na milango 11 ikahamia ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuitengeneza. Mwenye nyumba aliipokea bila ya kumshukuru. Zamu ya ukaguzi iliporudi, hakumwita tena, wala kwa nyumba ile wala kwa zile nyingine nne.

Habari hizo zilifika katika baa kabla ya kijana mwenyewe. Alipoingia aliwakuta watano wamesimama, na kile kiti kinachoutazama mlango vizuri kuliko vyote kimeachwa wazi. Mzee alimwonyesha kwa mkono. "Karibu uketi," alisema. "Mtu aliyepoteza nyumba tano kwa siku moja bila ya moto hajapata kutokea katika kazi hii."