Uchawi au mchepuko? Sura ya bibi harusi yatibua penzi Sumbawanga

Mazwi, Sumbawanga, baridi ya Julai. Jamaa mmoja anahariri video za harusi, mchumba wake kakaa pembeni. Ghafla skrini inakatika vipande vipande, na katikati unatokea uso wa bibi harusi wa kazi ya asubuhi. "Huyu nani?" Mchumba kanuna. Majirani wakanong'ona uchawi, kwenye mji ambao jina lenyewe, kwa Kifipa, husemwa ni "tupa uchawi".

Kumbe si jini wala mchepuko. Kumbukumbu ya kadi ya picha ni kama chumba cha gesti: shuka lisipobadilishwa, mgeni mpya analalia jasho la mwenzake. Draiva ndiyo inayogawa vyumba. Ikisahau kufuta, programu inachora mabaki ya iliyotangulia. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa Canada alieleza alivyofungua gemu akakuta ukurasa alioutazama kwa siri saa kadhaa nyuma.

Dawa ni draiva kujaza sifuri kabla ya kukabidhi chumba. Mara nyingi ni mstari mmoja tu. Kazi ni kujua uliposahaulika, maana kosa lenyewe leo lipo, kesho halipo.

Jamaa akashusha draiva mpya kwa bando lake. Skrini ikatulia, mchumba akacheka. Ila yeye hakucheka: harusi za watu wangapi zimepita mle, na nani kaziona? Siku hizi akimaliza kazi ya mteja, anazima mashine kabisa ndipo aite mwingine.

Yako uliizima lini mara ya mwisho?