Theluji Hakuna, Mazoezi Yapo

Mume wangu yuko Bariadi kikazi, mimi niko Dar es Salaam. Katikati yetu kuna zaidi ya kilomita 1,000, na simu zilizobaki kuwa "umeshakula?" na "haya, usiku mwema". Nilijipa moyo: likizo ikifika mambo yatajipa yenyewe.

Likizo ikafika. Siku ya tatu tukagombana, tena kwa jambo dogo tu, ada ya mdogo wake. Nikafanya kawaida yangu: "Basi, yaishe," nikageukia ukutani. Akasema taratibu, "Mke wangu, kila tukianza kuongea wewe unafunga breki. Tutamaliza lini?"

Usingizi ukapaa. Nikatoa kazi niliyokuja nayo kuhariri, makala kuhusu skii za nyasi. Usicheke, msomaji. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya theluji ya Pyeongchang mwaka 2018. Theluji nayo ina msimu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 huko Ulaya watelezaji wamekuwa wakijifua kiangazi kwenye milima ya majani, wamevaa skii fupi zenye magurudumu madogo au mkanda unaozunguka kama mnyororo wa kifaru. Miguu na kiuno vinafanya kazi ileile ya kukata kona. Tofauti ni moja: kwenye theluji unaweza kugeuza skii kiubavu ukasimama ghafla, kwenye nyasi huwezi. Ukitaka kupunguza mwendo, lazima uipige kona mpaka mwisho.

Nikasoma sentensi hiyo mara tatu.

Asubuhi tukatoka kutembea nje ya mji. Pamba ilishauzwa, lakini watu walikuwa shambani wanang'oa mashina na kuyachoma. Nikamuuliza, mavuno si yameisha? "Wakiyaacha," akasema, "wadudu wanajificha humo mpaka msimu ujao."

Basi nikarudi kwenye ile ada, na safari hii sikufunga breki. Kumbe ada haikuwa tatizo. Ilipofika mwisho wa kona, mume wangu aliniambia kitu ambacho sitakisahau: alikuwa ameanza kuzoea kuishi bila mimi, na kinamtisha. Nililia. Halafu nikakiri kwamba hata mimi.

Wapenzi mnaoishi mbalimbali, hebu jiulizeni: mnafanya mazoezi lini? Sisi tulikuwa tunaisubiri theluji, tukiamini penzi litateleza lenyewe. Sasa kila Jumatano saa tatu usiku tunaongea, bila bili wala ada, na hakuna ruksa ya kusema "yaishe" kabla halijaisha.

Sikudanganyi kwamba ni raha tupu. Wiki iliyopita tulibishana dakika 40, salio likakata katikati. Zamani ningeshukuru Mungu na kulala. Nilivaa kanga, nikatoka kutafuta vocha.